Mtoto alisema kweli mpakani, mama yake amenikasirikia. Nifundishe nini Jumapili?

FundiWaBusia

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Kila Jumapili nafundisha watoto wa kanisani kwetu wakati wazazi wako ndani kwenye ibada. Ualimu sikusomea. Aliyekuwa akifundisha aliolewa Mbale, mchungaji akatazama huku na huku, macho yakaniangukia mimi kwa sababu sikuwa na mtoto mgongoni. Sasa ni mwaka wa tatu. Watoto ni kama 38, wa miaka minne mpaka kumi na miwili, wote chini ya mwembe mmoja nyuma ya kanisa, kwa saa moja. Wapo Wasamia, Wateso, Waganda, na wengine huvuka na bibi zao kutoka upande wa Kenya, basi nawafundisha kwa Kiswahili ambacho wote wanakisikia sokoni. Ubao hatuna. Nina gunia la mabaki ya vitambaa vya dukani na hilo ndilo daftari langu: bluu ni Bahari ya Shamu, kahawia ni ngamia, cheupe ni malaika, na kile kipande chenye maua ya gomesi, gauni la kina mama wa huku, ni mama yeyote yule, awe Sara, Hana au Mariamu.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye amri ya tisa, Kutoka 20:16, usimshuhudie jirani yako uongo. Nilirahisisha, labda kupita kiasi. Niliwaambia: mtu mzima akikuuliza, sema kweli, Yesu anapenda kweli. Tukapiga makofi, tukaimba, tukatawanyika.

Jumanne ikaja. Nina mwanafunzi wa miaka saba, mdomo mwepesi, ndiye hujibu kabla sijamaliza swali. Mama yake hupeleka kavera Kenya. Kwa wasiojua, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na faini zake ni za kuuza shamba, lakini huku kwetu kavera unaipata duka lolote. Basi wanawake hujifunga mwilini kwa kitenge, gomesi juu, ukimwona utasema ana mimba ya miezi saba. Siku hiyo alikwenda na mtoto, maana mja mzito aliyeshika mtoto mkono hasumbuliwi sana. Askari mmoja akamwinamia kijana, kwa upole tu, akamuuliza, "Mdogo wako anakuja lini?"

Kijana akajibu, "Si mdogo wangu. Ni kavera."

Mnaweza kucheka. Hata mimi nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Mzigo wote ulichukuliwa, mama akazuiwa mpaka jioni, na ile hela ya mzigo ilikuwa mkopo wa kikundi. Asubuhi yake alisimama mlangoni pa duka langu, hakuingia. Akasema, "Mwalimu, umenifundishia mtoto kuniuza." Akaenda zake.

Nilimweleza mchungaji. Alisema kweli ni kweli, endelea. Sawa, lakini yeye ana mshahara, hata kama ni mdogo. Usiku nilifungua ile sura tena. Waheshimu baba yako na mama yako iko mstari wa 12, ya uongo iko wa 16. Mistari minne tu, na katikati yake amesimama mtoto wa miaka saba, askari anamtazama.

Na niseme yote. Nyuzi ninazoshonea nanunua kwa kijana anayezipitisha njia ya panya, kwa sababu zake ni bei rahisi. Huyu mwanafunzi wangu akiniuliza uzi umetoka wapi, nitamjibu nini?

Jumapili hii nilikuwa nimepanga kuendelea na amri hiyohiyo. Nifundishe nini? Naomba msaada wa watu wanaokaa na watoto. Mahubiri ninayo ya kutosha.

---

Katekista Mstaafu, Tororo

Marahaba binti yangu. Hiyo amri kwetu Wakatoliki huhesabiwa ya nane, lakini maneno ni yaleyale na watoto ni walewale.

Nimefundisha ukatekista miaka 31, na kosa lako ni dogo kuliko langu. Mwaka mmoja, Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, ikikaribia, niliwasimulia watoto wadogo habari za Namugongo, walikochomwa kwa ajili ya imani yao. Nikawaambia juu ya Kizito, mvulana wa miaka 14, mdogo kuliko wote waliochomwa pale mwaka 1886. Nikadhani watampenda kwa kuwa ni mtoto kama wao. Kumbe mimi nasimulia imani, wao wanasikia moto. Nikaeleza matete waliyofungiwa, nikaeleza kuni. Kesho yake kina mama watatu walikuwa mlangoni kwangu. Watoto wamekojoa kitandani, na mmoja hataki kusogea jikoni karibu na meko. Mzigo wa mtu mzima nilikuwa nimeutwika kichwa cha mtoto.

Wewe nawe umetwika. "Mtu mzima akikuuliza, sema kweli" ni kubwa mno, maana watu wazima ni wengi na maswali yao ni mengi. Mpe mtoto ukweli unaoenea mkononi mwake. Mimi hutumia chenji. Mtoto katumwa sukari, kabaki na shilingi 300, je, anairudisha yote au inapungua njiani? Penseli ya jirani darasani. Kikombe kilichovunjika, nani alikivunja? Hayo anaweza kuyatenda leo jioni bila kumfunga mtu.

Kisha uwape Zakayo, Luka 19. Najua utasema hapo Busia mtoza ushuru ni adui wa kila nyumba. Ndiyo sababu nasema umchukue huyohuyo. Angalia anachosema juu ya lile deni lake: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Nimenyang'anya, mimi. Hakuanza kuwataja watoza ushuru wenzake. Mtoto akishika hilo tu, kwamba kweli huanza na vitu vyangu, utakuwa umefanya kazi ya mwezi. Na iwe mwezi kweli, binti yangu. Hadithi moja kwa Jumapili nne. Kila Jumapili hadithi mpya ni kama kupika chakula kipya kila saa, hakuna kinachoiva.

Na yule kijana, usimwache aje kanisani akiwa na hofu kwamba amekosa. Hakukosa. Mwambie mbele ya mama yake, si nyuma.

---

Mama Maharage

Mimi ndiye mama mnayemzungumzia. Si yule hasa, lakini ndiye mimi. Nimepita njia za panya miaka sita, sukari, mafuta ya kupikia, mchele. Mchungaji anayesema kweli ni kweli aje alipe karo ya muhula mmoja kisha aseme tena, nitamsikiliza vizuri zaidi.

Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Usilitaje jambo hili darasani hata kwa mafumbo. Watoto 38, wote watajua ni nani, na Jumatatu yule kijana ataitwa Kavera shuleni mpaka anaoa.

Na kingine, kwa faida ya huyo mama. Siku hizi mimi napeleka maharage, na napita mlango wa mbele mchana kweupe. Vitu vinavyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vilivyomo kwenye orodha yao, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, unajaziwa cheti rahisi cha asili palepale mpakani na hutozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kuwepo, uliza kabla ya kubeba. Kwa kavera hakuna cheti chochote, hilo lijulikane. Lakini wanawake wengi hawajui kuhusu maharage, wanakimbia vichakani usiku na magunia ambayo yangepita wazi. Mimi mwenyewe nilikimbia nayo miaka miwili bure.

Mnajua nilivyoacha? Binti yangu wa miaka tisa. Tulikuwa tunaomba usiku kabla ya kuvuka, kila mara, Mungu atufiche. Akaniuliza, "Mama, na yule askari naye akiomba atuone, Mungu atamsaidia nani?" Nikamwambia alale. Yeye alilala.

---

Kijana wa Nakivale

Bwana asifiwe, mama mwalimu. Mimi ni Mkongomani, niko kambi ya Nakivale huku Isingiro, nafundisha watoto kwa kanisa letu la maturubai.

Kwetu hiyo amri ni ngumu zaidi. Watoto wangu wengine, siku walipokimbia, mama aliwaambia: wakikuuliza kabila, sema hili, usiseme lile. Walisema uongo, wakaishi. Sasa nikisimama niwaambie uongo ni dhambi, wananiangalia tu. Kuna msichana aliniuliza kama Mungu amemkasirikia mama yake. Nilifungua Yoshua 2, nikawasomea Rahabu alivyowaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, halafu Kutoka 1, wale wakunga Shifra na Pua waliomdanganya Farao ili watoto wachanga wapone. Yule msichana alitaka nirudie majina yao mara tatu. Shifra na Pua. Shifra na Pua. Sasa mdoli wake anaitwa Pua.

Labda na wewe ujaribu hao.

---

Katekista Mstaafu, Tororo

Kijana wangu, umenigusa, na kwa watoto wako umefanya sawa. Lakini Busia usimpeleke Rahabu kwa mtoto wa miaka saba. Rahabu alificha watu. Wakunga waliokoa vichanga. Ukimpa kijana yule hadithi hiyo wiki hii, atasikia kwamba kavera nazo ni wapelelezi wa Israeli. Ngoja afike miaka kumi na mbili, hapo mtabishana naye, tena atakushinda.

---

Mama Maharage

Kavera wapelelezi wa Israeli! Mzee, nimemwaga chai.

---

FundiWaBusia

Nimerudi. Asanteni wote, hasa mzee wa Tororo. Niwaeleze Jumapili ilivyokwenda.

Ijumaa usiku nilishona Zakayo. Kidoli cha urefu wa kiganja, tumbo nimelijaza vipande vya sponji, na kibeti kiunoni chenye vifungo vya shati kama pesa. Nilimfanya mfupi kabisa. Nilipomtoa kwenye gunia na kusema kazi yake, watoto walizomea. Sikuwa nimejiandaa kwa kelele ile. Mmoja akapiga kelele, "Anachukua mizigo!" Wazee wawili walichungulia dirishani kutoka kwenye ibada.

Nikawaacha wazomee mpaka wachoke. Kisha nikamweka Zakayo kwenye tawi la mwembe (Biblia inasema mkuyu, na kuna msichana alinikumbusha hilo kwa sauti) nikawauliza Yesu atasema nini akifika hapa chini. Wengi walisema atampiga. Mmoja alisema atamdai risiti. Nilipowaambia kwamba alisema leo nitashinda nyumbani kwako, walinyamaza namna ambayo sijawahi kuwaona wakinyamaza. Halafu swali likatoka nyuma, "Atakula nini huko?" Tukabaki hapo dakika kumi. Tulimpikia Zakayo kuku, wali, mukene, na chapati.

Ile mara nne tuliifanya kwa vifungo. Zakayo alimnyang'anya mtu kifungo kimoja, analipa vingapi? Wadogo walihesabu kwa vidole. Nikawapa kazi ya chenji kama mzee alivyosema. Vifungo viwili havikurudi kwenye kibeti, na hilo nimeliacha kwanza.

Yule mwanafunzi wangu alikuja, akakaa mwisho, hakujibu swali hata moja. Hilo ndilo lililoniuma. Kwao nilikuwa nimekwenda Jumamosi, nikakuta mlango umefungwa na redio inalia ndani. Nilisimama kidogo, nikaacha ujumbe wa maharage kwa jirani, pamoja na ile habari ya dola 2,000. Sijui kama ulifika.

Leo Jumatatu, saa kumi na mbili hivi jioni, kijana alikuja dukani peke yake na shati la shule lisilo na kifungo cha shingoni. Akaniwekea noti ya elfu moja mezani. Akasema, "Mama anasema umshonee kifungo. Na anasema bado amekasirika."

Nikamuuliza kama mama ndiye aliyemtuma aseme hilo la mwisho. Akafikiri.

"Hapana. Alisema usimwambie."

Nimemshonea kifungo, kwa uzi uleule. Kisha nikamrudishia chenji, akaihesabu mara mbili mbele yangu, akaikunja kwenye soksi, akakimbia.