Re: Kijana anamaliza shule mwezi wa sita, baada ya hapo?

> Ndugu zangu, kijana wangu mwenye usonji ametimiza miaka 18 na shule wanasema anamaliza mwezi wa sita. Michango ya sherehe tumeshaanza. Akimaliza, kuna msaada gani? Niko Columbus, Ohio.

Dada yangu, hongera kwa kumfikisha hapo. Ila nakusihi, asipokee diploma kabla hamjakaa kikao cha IEP, yaani mpango wake wa elimu ulioandikwa na shule. Sheria ya IDEA, ile ya Marekani ya elimu ya wenye ulemavu, inampa mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure mpaka miaka 21, na kuna majimbo yanayofika 22. Siku akipokea diploma ya kawaida, haki hiyo imekwisha hata kama ana 18. Basi la shule halimfuati tena, wala mtaalamu wa kumfundisha kuongea. Binti wa jirani yetu alikaa ndani miaka miwili anatazama televisheni, kwa kuwa wazazi wake hawakuambiwa.

Sherehe fanyeni! Shule nyingi humwacha mtoto avae joho apite jukwaani na wenzake, cheti kikabaki ofisini. Liombe hilo kwa maandishi.

Kisha soma malengo yake. Akitimiza miaka 16, IEP inatakiwa iwe na mpango wa maisha ya baada ya shule: kazi, usafiri, kujihudumia. Ya mwanangu ilikuwa hesabu za sehemu tu, na kupanda basi hajui. Tukadai afundishwe kupanda basi. Mwalimu alikaa naye kiti kimoja wiki tatu, akahamia kiti cha nyuma, mwishowe akawa anamsubiri kituoni. Siku yake ya kwanza peke yake nililifuata lile basi na gari huku mikono inatetemeka. Anahesabu vituo kwa kugonga vidole gotini. Cha 11 anavuta kamba ya kusimamisha basi. Aliposhuka akaniona. "Mama, nenda nyumbani." Akaingia hotelini kukunja taulo, kazi aliyokuwa anajifunzia kupitia shule. Nililia pale pale kwenye usukani.

Jambo jingine: ombeni SSI sasa, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo, hata kama mlikataliwa alipokuwa mdogo. Akishatimiza 18 hawahesabu tena kipato cha wazazi.

> Mungu akubariki. Barua nimepeleka leo, kikao ni Alhamisi. Kiingereza changu cha vikao ni kidogo, nimchukue binti yangu anitafsirie?

Hapana, dada, mwache binti awe dada wa mtu siku hiyo. Mkalimani wa Kiswahili ni jukumu la shule na hulipi kitu. Waandikie leo ili wamtafute mapema. Na kijana aingie kikaoni. Kwa umri wake, majimbo mengi yanamtaka asaini mwenyewe. Mwulize usiku wa leo anapenda kazi gani, uende na jibu lake.