Naombeni ushauri, nampimaje MCA (mjumbe wa wodi kwenye bunge la kaunti, Kenya) kama anawajibika?

Jamani nisaidieni, niko Lamu naandika tesis ya ushindani wa uchaguzi na uwajibikaji wa MCA, wodi zetu 10 na chaguzi ni 2013, 2017 na 2022, yaani data yangu yote mistari 30 tu. Kupima ushindani nilitumia pengo la kura kati ya wa kwanza na wa pili, supavaiza akasema nigawe 1 kwa jumla ya miraba ya mgao wa kura wa kila mgombea, kwa hiyo migao ya 0.4, 0.4 na 0.2 inanipa kama wagombea 2.8 wenye uzito, sawa hiyo nimeielewa. Kizungumkuti ni uwajibikaji. Nahesabu hoja za kila MCA kwenye hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge), lakini kuna mtu bungeni kimya kama maji mtungini na huku mtaani boti ikizima usiku ndiye anayepigiwa. Nimpe sifuri kweli? Ama niongeze wodi za Kilifi na niulize wapiga kura wenyewe?