Mgeni mzungumzaji kila wiki au kikao cha kahawa? Tulinganishe, wanaklabu wa Mombasa

Mpanga Ratiba (Tudor)

Ndugu zangu, salamu. Klabu yetu ya huduma kwa jamii imenikabidhi ratiba ya Julai hadi Desemba, na nimekwama. Wenye uzoefu nisaidieni, uwe wa klabu yoyote.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ndiyo tuliyoizoea: kila Jumatano jioni hotelini, chakula, mgeni nusu saa, maswali mawili, kengele, kisha kila mtu mbio kabla magari hayajajaa daraja la Nyali. Ya pili, mgeni mara moja kwa mwezi, na siku nyingine tuketi wenyewe kwa wenyewe, hata na familia. Ya tatu imetoka kwa mwenzetu mmoja: mgeni tusimwite, tumfuate anakofanyia kazi.

Nimelifungua daftari la mwaka jana, wageni ni wengi mno. Nikawauliza wenzangu tisa wanitajie watatu tu wanaowakumbuka. Wote tisa walianza na muuguzi wa macho. Baada yake, kimya.

Yule dada hakuleta slaidi. Alileta miwani ya plastiki, vioo vyake amevipaka mafuta mazito ya kujipaka. Akatuvisha, akasema, "Haya, jimiminieni chai." Mwenzangu wa kushoto aliijaza sahani kabla ya kikombe. Mwingine alinyoosha mkono kutafuta sukari akaangusha birika la maziwa. Akatuambia hivyo ndivyo anavyoona bibi mwenye mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji wake ni wa kutoa ile lenzi iliyofifia na kuweka ya kutengenezwa. Usiku ule ule tulichanga. Sasa najiuliza: wale wengine wote walikuja kufanya nini kwetu, nasi tuliwafanyia nini?

Mwalimu wa Kisauni

Usikate wageni, kaka. Mgeni mmoja anaweza kugeuza klabu nzima. Lions, mtandao wa klabu za huduma kama zetu, ilianza 1917, na kwa miaka ya mwanzo kila klabu ilishika lake. Tarehe 30 Juni 1925, kwenye mkutano wao mkuu kule Cedar Point, Ohio, akapewa nafasi Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia. Aliwaomba wawe watetezi wa wasioona. Mpaka leo ukitaja Lions watu wanawaza macho na miwani. Hotuba moja hiyo!

Tatizo lenu si wageni, ni namna mnavyowaita. Mnamwambia mtu "njoo utuzungumzie kazi yako", naye anakuja kusoma wasifu wa ofisi. Mwulizeni jambo moja. Afisa wa bandari msimwite azungumzie bandari. Mwambieni aeleze kontena moja linapita mikono mingapi tangu lishuke melini mpaka lipande treni. Dakika ishirini zimtoshe, maswali yapate muda kama huo huo. Na kampeni zikikaribia, mchunguzeni mgeni vizuri. Anakuja na mada ya maji, anaondoka ameomba kura.

Baharia Mstaafu

Wanangu, mnasahau asili. Paul Harris, mwanzilishi wa klabu za Rotary, alikuwa wakili mgeni Chicago, ana kazi lakini hana watu. Tarehe 23 Februari 1905 wakakutana wanne tu: yeye, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Wakawa wanapokezana ofisi, leo kwako kesho kwangu, na jina la Rotary likatokana na kule kuzunguka. Hapakuwa na mgeni rasmi. Palikuwa na upweke wa mji mkubwa na watu waliotaka kujuana.

Huduma ilikuja baadaye. Mwaka 1907 walianza kupigania choo cha umma katikati ya mji. Choo, wanangu! Watu waliokwisha kuaminiana ndio wanaoweza kusimama mbele ya wakubwa kudai choo.

Binti wa Likoni

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa.

Nilijiunga na klabu moja mjini nikiwa na miaka ishirini na sita. Miezi minne nilikaa meza ya nyuma, nikasikiliza habari za bima, za hisa, za utalii. Nzuri zote. Saa nne usiku niko foleni ya feri, na hakuna mtu mle ukumbini aliyejua naishi ng'ambo. Mama alipolazwa sikumwambia yeyote, kwa sababu ningemwambia nani?

Kilichonibakiza ni futari ya Ramadhani. Tulialikwa nyumbani kwa mwanachama mmoja Majengo, tukakaa mkekani, na mama mwenye nyumba akanipa kazi ya kuchovya viazi karai kwenye unga pamoja na mhasibu niliyekuwa namwogopa. Tuliongea mpaka mafuta yakapoa. Wiki iliyofuata alikuja hospitali na uji wa mama kwenye chupa. Mwalimu, mgeni gani angenipa hilo?

Mwalimu wa Kisauni

Pole sana, dada yangu. Hilo sina jibu lake. Lakini nimeona pia klabu zilizobaki na kuketi tu, mwishowe zikawa maskani ya marafiki wale wale kumi. Mpya akiingia anakuta kila neno lina historia asiyoijua. Mgeni huvunja hilo, maana siku yake wote mnajifunza sawa.

Mvinje

Natetea njia ya tatu. Klabu yetu ilikwenda Haller Park badala ya kumleta mtu hotelini. Pale Bamburi palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Sindano zake zikianguka hazikuoza, zikarundikana. Basi wakaleta majongoo. Yanakula sindano, mavi yake yanakuwa udongo. Hotelini mngesikia na kusahau. Sisi mwenyeji wetu aliinama, akafukua kiganja kimoja cha udongo mweusi, akatupitishia mmoja mmoja tunuse, huku chini ya miguu kuna mwamba mtupu. Tulirudi tukianza kuuliza shule gani ina uwanja wa mawe.

Kasoro yake: ni lazima iwe Jumamosi, na usafiri una gharama. Ziara moja kwa miezi mitatu inatosha.

Mama Kahawa

Nami niseme la mfukoni na la dini, maana watu hulikwepa. Bei ya sahani hotelini ndiyo inayowafukuza walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo wa Kongowea. Hawasemi. Wanasema "nina dharura". Na mkifanya tafrija penye vilevi, nusu ya Mombasa mmeifungia mlango, hata mkiwawekea soda.

Sisi huketi kibarazani. Dele la kahawa juu ya makaa, tangawizi, vikombe vidogo, halua na kashata. Mkristo yupo, Mwislamu yupo, Mhindu yupo, na hakuna anayeuliza kilichomo kikombeni. Mtu akishika kikombe cha tatu ndipo husema shida ya mtaani kwake. Miradi yetu mingi ilizaliwa hapo, kuliko kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini kibaraza bila mada kinaishia mpira na bei ya unga, kwa hiyo anayemiminia aje na swali moja.

Mpanga Ratiba (Tudor)

Ahsanteni. Nilikuwa naogopa makao makuu ya Rotary, lakini klabu mama inayotulea imenihakikishia: tangu 2016 Rotary inataka vikao visivyopungua viwili kwa mwezi, na namna ya kukutana klabu inajiamulia. Nitapeleka hivi: wiki ya kwanza mgeni, kwa masharti ya Mwalimu. Wiki ya tatu kahawa kibarazani, na swali ni moja: tufanye nini na tuliyoyasikia? Mwanachama mpya akae karibu na dele. Ziara Agosti na Novemba, Jumamosi asubuhi ili wa ng'ambo warudi mapema. Hoteli tutaiacha mpaka siku ya kukabidhiana uongozi.

Binti wa Likoni

Jumamosi mimi nipo. Mahamri yangu.

Mwalimu wa Kisauni

Bado nasema mgeni mmoja kwa mwezi ni haba. Ila wa Agosti niachieni. Kuna kina mama wanaopanda mikoko kwenye mkono wa bahari wa Tudor, jirani kabisa na kwenu. Nitawauliza saa ya maji kupwa, kisha twendeni na ndala za zamani.