Ziara ya mafunzo ya ufugaji wa samaki: vizimba vya ziwani, mabwawa au akwaponiki?

Mama Emuhaya: Hamjambo wanajamvi. Chama chetu kina kipande cha udongo wa mfinyanzi kando ya chemchemi, na kabla hatujachimba bwawa tungependa kuona shamba linalofanya kazi. Nauli inatosha safari moja. Tunalinganisha vizimba vya nyavu vya Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, kituo cha KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) kilichoko Sang'oro, Nyakach, na shamba la akwaponiki, yaani samaki na mboga kwa maji yaleyale, karibu na Kisumu.

Mvuvi wa Dunga: Vizimba vinapendeza macho, hasa sato wanaporukia chakula, lakini mengi ya huko hayatawafaa. Ziwani maji hupita yenyewe kwenye nyavu, na hofu kubwa ya mfugaji ni maji ya chini, yasiyo na oksijeni, kupanda juu. Bwawani oksijeni hupungua alfajiri kwa sababu mwani huitumia usiku kucha, nanyi mtawakuta samaki wamekuja juu wakihema.

Mtotoleshi: Nendeni Sang'oro. Mpango wa serikali wa mwaka 2009 ulieneza mabwawa ya mita za mraba 300 yenye vifaranga 1,000, na waliovunjika moyo baadaye wengi wao hawakufundishwa jambo hili: sato huzaa angali mdogo, bwawa likajaa, wote wakadumaa. Ombeni mwonyeshwe kutenganisha madume na majike. Samaki hulazwa chali kiganjani, akatazamwa nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Jambo hilo halishikiki kwa kusoma, ni lazima mkono wako ulowe.

Mkulima wa Kibos: Msiipuuze akwaponiki. Bakteria hugeuza amonia ya samaki kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo sukuma wiki huifyonza, na maji yaleyale hurudi kwa samaki. Kwa mwenye ploti ndogo ya mjini, sioni njia bora zaidi. Hata hivyo pampu haipaswi kusimama, na umeme ukikatika bila akiba, samaki hufa kwa saa chache. Mwenye chemchemi hana sababu ya kubeba mzigo huo.

Mama Emuhaya: Asanteni sana. Basi ni Sang'oro. Tufike saa ngapi?

Mtotoleshi: Asubuhi, kwa kuwa jua likishakuwa kali samaki hawafai kushikwashikwa. Tangulizeni barua, na kama mlipitia bwawa jingine, osheni viatu kwa dawa kabla ya kuingia.