Msimu wa 6 wa Dr. Quinn: kituo cha TV kiliifanya nini hii tamthilia?

Binti_Pongwe

Wakuu, habari za usiku.

Niko Columbus, Ohio. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, zamu ya usiku. Nina bibi mmoja wa miaka 88, hana makuu, ila ratiba yake haiguswi: saa 2 dawa, saa 2 na robo Dr. Quinn, Medicine Woman. Vipindi viwili, kisha kulala. Mruke siku moja uone kama kesho yake uji utanyweka.

Siku ya kwanza nilidhani ni picha la makauboi, nikajua nitasinzia kitini. Wapi! Daktari wa kike wa Boston, miaka ya 1860, anaomba kazi Colorado Springs. Karani wa telegrafu anaona Michaela, anadhani ni Michael A., basi kijiji kizima kinasubiri mwanaume. Anashuka mwanamke na sanduku lake. Humohumo kwenye kipindi cha kwanza mama mwenye nyumba ya wageni anaumwa na nyoka, anakata roho na kumwachia watoto watatu. Hapo nikasogeza kiti. Bibi yangu mzaa mama kule Pongwe alilea watoto wa watu watano kwa mtindo huohuo, na yeye hakuwa hata na zahanati.

Sasa Jumapili tumemaliza msimu wa 5. Nikanyoosha mkono kuchukua boksi la msimu wa 6, nakuta bado liko kwenye nailoni yake. Maboksi mengine yamechakaa kona zote, mpaka moja limefungwa mpira wa nywele. Hili jipya kabisa. Bibi akaniambia rudisha, tunaanza upya msimu wa 1. Nikamuuliza kuhusu Sully, mume wa Michaela: sasa bibi, na Sully tumemwacha hajulikani alipo? Akapunga mkono kama anafukuza nzi, akasema wale si wao. Alilinunua ili seti ikamilike tu.

Nimesoma juujuu kwamba kituo chenyewe, CBS, kiliingiza mkono, halafu mwaka 1998 kikaikata. Mwenye kujua anifafanulie: mkono waliuingiza wapi hasa? Na kama watu walikuwa wanaitazama, waliikata kwa nini? Nataka nijue kabla sijaigusa ile nailoni.

Mzee_wa_Aurora

Marahaba, binti. Hukuniamkia, ila nimeshapokea.

Nilifika Aurora, hapa jirani na Denver, mwaka 1994, naosha vyombo hotelini. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na mama watoto alikuwa na sheria moja ndani ya nyumba: ikifika saa 1 usiku rimoti haiguswi. (Huko mashariki ilikuwa saa 2; sisi wa milimani tunatangulizwa saa moja.) Kiingereza changu cha heshima nilikitoa kwa Dk. Mike, ndivyo kijiji kinavyomwita Michaela. Kile kingine nilikitoa jikoni hotelini.

Sasa swali lako. Kituo kama kile kinaishi kwa matangazo, na wenye matangazo hawalipi bei moja kwa kila kichwa. Ni kama nyanya sokoni, kuna za kuchagua na kuna za fungu. Za kuchagua ni watu wa miaka 18 hadi 49. Miaka ile CBS ilikuwa na jina la kituo cha wazee, na wakubwa wake walikuwa wanahaha kutafuta vijana, hasa wa kiume. Kampuni ya Nielsen, ambayo ndiyo inahesabu watazamaji, ilikuwa inawapa hesabu iliyochambuliwa kwa umri na jinsia. Kwa hiyo walijua vizuri kabisa nani anakaa mbele ya Dk. Mike kila Jumamosi: wanawake, wengi wao wameshavuka 40. Mamilioni ya watu, tangu siku ya mwaka mpya wa 1993 ilipoanza. Bibi yako alikuwa anahesabiwa, binti. Ila alikuwa wa fungu.

Basi msimu wa 6, ulioanza Septemba 1997, waandishi wakapewa agizo kutoka juu: hadithi iwe na kiza zaidi. Hapa naomba nieleweke. Si kwamba mwanzoni ilikuwa maziwa na asali. Beth Sullivan, mama aliyeibuni, hakuwa mwoga wa mambo mazito. Msimu wa 3 alionyesha Washita, kule jeshi la Custer lilikovamia kambi ya Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, alfajiri mwaka 1868. Nilikitazama kile kipindi na chakula kikanishinda. Lakini kilio kile kilitayarishwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshamjua Cloud Dancing, mganga wa Wacheyenne, tumeshamjua mkewe, tumeshaona wanajeshi wanavyoongea nao. Ulipofika msiba, ulikuwa wetu.

Msimu wa 6 misiba ilishuka kama mvua ya mawe. Michaela mimba inaharibika. Michaela anapigwa risasi, anabaki na woga na huzuni. Grace na Robert E., wale wa mkahawa na uhunzi, wanafiwa na mtoto waliyempokea, Anthony. Siku hiyo mama watoto alikuwa anafuma sweta. Sindano zikasimama. Akauliza, "Na huyu mtoto amewakosea nini?" Hakuwa anawauliza wahusika, alikuwa anawauliza wenye kituo. Tangu hapo saa 1 ikifika akawa yuko jikoni anasikilizia kwa mbali, na rimoti ikawa yangu. Sikuifurahia.

Na wale vijana wa kiume hawakuja. Wangetoka wapi? Kijana wa miaka 22 Jumamosi usiku hayuko nyumbani, na akiwepo hatatazama mama mwenye gauni refu hata umpige risasi huyo mama mara ngapi. Kwa hiyo wenye nyumba wakaudhika, na wageni hawakutokea. Mei 16, 1998 kikatoka kipindi cha mwisho. Msimu uliofuata saa ileile wakaweka Early Edition, ikifuatiwa na Martial Law, ya ngumi za Sammo Hung. Januari ya mwaka huohuo CBS walikuwa wameurudisha mpira wa Kimarekani wa ligi ya NFL kwa dola milioni 500 kwa mwaka, miaka 8. Sisemi mpira ndio uliomuua daktari. Nasema tu tazama ni wageni gani walikuwa wanafagiliwa uwanja.

Dogo_Ubungo

Mzee wangu, heshima yako, ila misimu 6 si mchezo. Hata stelingi anachoka. Piga hesabu farasi, magauni ya kale, kijiji kizima cha mbao, na waigizaji ambao kila mkataba mpya wanataka nyongeza. Jane Seymour, Michaela mwenyewe, alishachukua tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyohiyo, unadhani alikuwa anachukua posho? Pengine hesabu zilikataa tu. Kila tamthilia ikifa mashabiki mnatafuta mchawi.

Kalamu_ya_Nairobi

Dogo, kwa gharama sikupingi. Kwa neno "kuchoka" nitakupinga, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kuchokeshwa.

Niliandika mchezo wa familia kwa kituo kimoja hapa, jina tuliache. Baba ana kinu cha kusaga unga, mama anauza mitumba Gikomba, watoto wanne, nyanya amekuja kutibiwa macho akakataa kurudi mashambani. Basi, ndiyo hadithi. Vipindi nane vya kwanza hakuna aliyetusumbua, kwa sababu pale ofisini hakuna aliyekuwa anatutazama. Shida ilianza watu walipoanza kutusifu. Tukaitwa kwa mkutano. Skripti zikaanza kurudi na wino mwekundu pembeni, na moja nimeiweka mpaka leo: "Kinu kinachosha. Moto?"

Hatukujua kama wanataka hadithi ichangamke ama kinu kiungue. Tukauliza. Tukajibiwa yote mawili.

Kipindi cha 14 tukakichoma kinu. Baba akaingia pombe, binti mkubwa akatafutiwa mubaba mwenye Prado, nyanya akaambiwa arudi mashambani kwa sababu uso wake, nanukuu, "hauuzi". Wiki hiyo nilikuwa kwa duka la mtaani nikinunua maziwa, na mama mwenye duka, ambaye hakujua nafanya kazi gani, alikuwa anamlalamikia jirani: "Kile kinu walikichomea nini? Mimi nikikisikia kikinguruma nilikuwa najua ni saa ya kusonga ugali." Nilikuwa nimeuweka huo mngurumo mwanzo wa kila kipindi kwa sababu hatukuwa na pesa ya wimbo. Vipindi sita baadaye tukaambiwa mchezo umepoteza watazamaji, kwa hivyo unaondolewa. Kweli, uliwapoteza. Mmoja najua hata duka lake.

Na kwa CBS, huo haukuwa mfagio wa kwanza. Mwaka wa 1971 waliondoa kwa mkupuo vipindi vyao vya watu wa shamba, vingine vikiwa bado vinatazamwa vizuri sana, ili wapate vijana wa mjini. Pat Buttram, aliyeigiza katika kimojawapo, alisema walifuta kila kitu chenye mti ndani. Cha kuchekesha, mwaka uliofuata kituo hichohicho kikaanza The Waltons, familia ya milimani Virginia, kina babu na nyanya na msumeno wa mbao. Kikaenda misimu 9. Miti tupu!

Mzee_wa_Aurora

Dogo, sijakataa hesabu. Hicho kijiji cha mbao lakini hakikuwa huku kwetu, kilikuwa Paramount Ranch, California, na mji wake wa mbao uliungua na moto wa msitu Novemba 2018. Nimeshapokea wageni wawili kutoka nyumbani waliotaka niwapeleke Colorado Springs wakapige picha kwenye kliniki. Niliwapeleka. Tukapiga picha kwenye maegesho ya hoteli.

Kuhusu mchawi: baada ya kufutwa mashabiki walipiga kelele sana, mpaka kwenye intaneti, wakati huo ikiwa bado changa. CBS wakatoa filamu mwaka 1999. Beth Sullivan hakuwemo. Na unajua wakaweka nini? Katie, mtoto wa Michaela na Sully, anatekwa, na bunduki ndizo zinazoongea. Yaani mtu analilia ugali, unamletea pilipili. Ile ya pili, 2001, ilipoa kidogo, wakampeleka Michaela kwao Boston. Hiyo mama watoto aliimaliza yote, ingawa alinung'unika nywele za Sully.

Binti, ukiichana nailoni usianzie mwanzo. Nenda moja kwa moja DVD ya mwisho, Colleen, mmoja wa wale watoto watatu, anaolewa na Daktari Cook. Hapo mkono wa wakubwa ulikuwa umeshalegea.

Binti_Pongwe

Shikamoo mzee, na samahani kwa ile ya kwanza. Asanteni wote.

Jana baada ya dawa nilimsomea bibi majibu yenu, natafsiri huku nasoma. Ile ya kinu aliicheka mpaka nikampa maji. Akataka kujua nyanya alirudi mashambani kweli au aligoma tena. Kalamu, una deni hapo.

Nilipofika kwenye 18 hadi 49 akanyamaza. Kisha akauliza, mwaka 1998 yeye alikuwa na miaka mingapi. Tukahesabu pamoja: 62. Akakaa kidogo. "Nilikuwa bado nanunua sabuni," akasema. Baada ya muda, tayari nimeshahamia jambo lingine, akaongeza: "Na gari. Mwaka ule nilinunua gari jipya."

Nailoni tumeichana na mkasi wa kukatia plasta. Tuliweka DVD ya mwisho kama mzee alivyosema. Colleen alipotoka na shela yake bibi akaniambia nisimamishe picha hapohapo, akavaa miwani ya kusomea, akasogea karibu na TV akamwangalia. Yule dada aliyemwigiza Colleen mwanzoni alibadilishwa njiani, msimu wa 3, na bibi hajawahi kumsamehe huyu wa pili. Jana nadhani alimsamehe, maana alimsifu nywele.

Zile DVD nyingine za boksi hatujazigusa na amesema hatutazigusa. Leo tuko msimu wa 1. Nyoka ameshauma, sanduku la Michaela liko kwenye matope, na mimi nimebakiza chupa ya chai moja mpaka asubuhi.