Gonoleki wa Dunga: niandike ni yule wa mafunjo ama ni yule wa kawaida?

Kasia_Kisumu
Habari zenu wapenzi wa ndege. Jumamosi nilitoka Dunga, hapa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, na mtumbwi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee mmoja mvuvi ndiye alikuwa anapiga kasia, tukaingia kwenye kile kijia cha maji katikati ya mafunjo tukanyamaza. Mara zikaanza sauti mbili zinajibizana, moja inaita ingine inamalizia papo hapo mpaka unadhani ni ndege mmoja, alafu mmoja akapanda kwenye shina akakaa kama sekunde nne hivi. Tumbo jekundu sana, mgongo mweusi. Nikafurahi nikasema huyu ndiye gonoleki wa mafunjo, lakini mzee akaniambia hao wamejaa hata kwake nyumbani kwenye ua. Sasa nimechanganyikiwa, maana najua wa mafunjo hatoki kwenye mafunjo. Picha niliyopata ni tumbo na majani tu. Niandike ni yeye? Na nikimweka kwenye Kenya Bird Map, ile ramani ya kurekodi ndege wa Kenya, si watu watajaa pale na spika za kumwita?

MafunjoTu
Kaka, mzee wako amesema kweli, ni vile hao ni ndege wa aina mbili. Wa kwenye ua ni gonoleki kichwa-cheusi, utosi mweusi tititi na bawa lote jeusi. Wa mafunjo utosi wake ni wa njano, kama mtu amempaka manjano ya pilau, na kwenye bawa ana mstari mweupe unaoonekana hata akiruka. Wekundu wanao wote wawili kwa hivyo tumbo halikusaidii, na kujibizana dume na jike wote hufanya. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "wa mafunjo" kwa sababu tu nilimwona ndani ya mafunjo, baadaye nikagundua kichwa-cheusi naye huingia pale pembeni kutafuta wadudu, ikabidi nifute ile rekodi na iliniuma kweli. Sasa nijibu, utosi uliuona? Bawa je? Kama hukuona, andika gonoleki tu usiongeze kitu.

Mama_Darubini
Nakubaliana na MafunjoTu kuhusu utosi. Kuhusu ramani, kijana wangu, tafadhali weka. Ramani yenyewe inagawa nchi kwa vipande vya kama kilomita 9 kwa 9, kwa hivyo si lazima utaje kile kijia chenu. Kaa angalau masaa mawili, andika kila ndege unayemtambua kwa mpangilio uliomwona, hata yangeyange na mnandi usiwaruke, na unaweza kuendelea kuongeza kwenye orodha hiyo mpaka siku ya tano. Orodha kamili ndiyo inaonyesha nani ameanza kupotea.

Hilo la spika una haki kuogopa. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani amevamiwa, anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na simu yako. Mimi nikiwa na wageni spika hazitoki kwenye begi.

Lakini kunyamaza nako kuna hasara. Kuna pahali upande wetu nilikuwa nasikia ndege wa mafunjo kila mwezi, sikuwahi kuandika mahali popote, nikajua nitarudi tu. Nikarudi nikakuta majivu, mafunjo yamechomwa na mizizi imeng'olewa, watu wamepanda sukuma wiki. Nikaenda kulalamika nikaulizwa ushahidi uko wapi kwamba ndege hao walikuwa pale. Sikuwa na hata mstari mmoja. Na msiwalaumu akina mama wanaokata wakasuke mikeka, mafunjo yakikatwa na mzizi ukibaki majini yanachipua tena. Shida ni moto na jembe.

wa_Yala
Dunga haijatengwa rasmi kama hifadhi kwa hivyo hizo orodha zina uzito. Hata huku kwenye kinamasi cha Yala tuko na gonoleki wa mafunjo, pamoja na chiriku wa mafunjo. Gonoleki huyu duniani kote yuko tu Kenya magharibi, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na kaskazini magharibi mwa Tanzania, na jina lake la kisayansi ni Laniarius mufumbiri, hilo mufumbiri limetoka kwa ile milima ya volkano ya Mufumbiro (Virunga). Ukirudi kwenye kijia chenu uliza kwanza viboko wamelala wapi, tena usiende bila huyo mzee.

Kasia_Kisumu
Asanteni sana. Utosi sikuuona Jumamosi, nakiri, kwa hivyo niliandika gonoleki tu. Leo nimerudi na mzee yule yule, tumekaa masaa mawili na dakika kumi, karibu nikate tamaa. Alafu kikapita kipepo, mafunjo yakainama kidogo, akawa hapo wazi mita kama saba hivi, njano juu ya kichwa imefifia kama karatasi ya zamani na mstari mweupe kwenye bawa, jicho jeupe. Mzee ndiye alimwona kwanza, akanigusa goti bila kusema kitu. Ameniambia miaka yote anavua pale hakujua ni wawili.

Tukarudi ufukweni, kabla hata sijafunga kamba ya mtumbwi nikamsikia mwingine kwenye ua wa mtu. Kichwa cheusi tititi. Wote wawili wako kwenye orodha, nimetuma sasa hivi.