Mjadala: Mjumbe wetu bungeni awe masikio tu, au awe na mdomo pia?

MLETA MADA

Wakuu, heshima mbele. Naishi Minnesota, jimbo linalojiita nchi ya maziwa 10,000, na ni mwanachama wa chama cha kujitolea cha usalama wa boti. Tunafundisha watu kuendesha boti na tunakagua vyombo vyao bure. Kwenye uongozi wetu kuna nafasi moja ambayo wanachama wengi hawaijui hata kwa jina: afisa mahusiano na Bunge la jimbo. Tunavutana kuhusu kazi yake, na nimeona niulete mvutano wenyewe hapa jamvini.

Kwa sasa afisa huyu anasikiliza. Anafuatilia miswada inayohusu boti kule Saint Paul, kwenye Seneti na Baraza la Wawakilishi. Anaisoma, anatuletea muhtasari, na anawasiliana na Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo ndiyo inasimamia sheria za vyombo vya majini. Mbunge akimuuliza, anajibu. Asipoulizwa, ananyamaza. Wazee wetu wanasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi nasema aende mbele ya kamati, akae kwenye kile kiti, aseme.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Kiangazi kilichopita nilikuwa nakagua boti pale zinaposhushwa ziwani. Akaja baba mmoja na wanawe wawili. Nikamwomba anionyeshe majaketi ya kuokolea. Akafungua sanduku chini ya kiti, yalikuwemo yote, bado kwenye mifuko ya plastiki kama yalivyotoka dukani. Nikamwambia hapo siwezi kumpa stika ya kupita ukaguzi, maana jaketi lililo kwenye mfuko halishikiki haraka boti ikipinduka. Akayatoa bila ubishi. Yule mdogo, wa miaka 8, nikamvalisha mwenyewe, nikalinyanyua jaketi mabegani kuona kama litampanda hadi masikioni. Halikupanda, lilimkaa sawasawa. Mkubwa alikuwa na miaka 11. Lake likarudi chini ya kiti. Nikampa baba stika, kwa kuwa sheria ilikuwa imetimizwa, wakaondoka, na yule mtoto amekaa ubavuni mwa boti na fulana yake tu.

Sasa sikilizeni. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani inataka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi boti ikiwa inatembea. Ila jimbo likiweka umri wake, wa jimbo ndio unaofuatwa. Minnesota imeweka chini ya miaka 10. Yaani kuwa na sheria yetu wenyewe kumewavua jaketi watoto wa miaka 10, 11 na 12. Ni wabunge wangapi wanalijua hilo? Sisi tunaliona kila Jumamosi ya kiangazi, na afisa wetu amekatazwa kulisema mpaka aulizwe.

Na muda wenyewe wa Bunge unatuponza. Wanakaa majira ya baridi na kumaliza Mei. Muswada wa boti unajadiliwa wakati watu wameegesha magari juu ya barafu kuvua samaki. Nani atakumbuka mtu anavyozama Mei, wakati hewa ina joto na maji bado yanakata pumzi? Kwa hesabu za Walinzi wa Pwani za mwaka 2023, watu 564 walikufa kwenye ajali za boti za starehe nchini humu. Pale sababu ya kifo ilipojulikana, robo tatu walikufa maji, na kati ya hao, 87 kwa kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Takwimu hizo hazijipeleki zenyewe bungeni.

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga, nipingeni kwa hoja.

BABU WA GATINI

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa. Mimi ni mmoja wa hao wazee, nimekagua boti miaka mingi kuliko wewe.

Yule baba alikufungulia sanduku kwa nini? Kwa sababu wewe si sherifu, yaani polisi wa wilaya, huna faini, huna chama cha siasa. Siku atakapomwona afisa wetu kwenye taarifa ya habari akidai sheria mpya, mwaka unaofuata atapita mbali na meza yako. Boti haitakaguliwa, na wale watoto wawili hutawaona kabisa. Umelifikiria hilo?

Halafu hao wabunge wanatupigia simu sisi, wakati wenye viwanda vya boti na vyama vya wavuvi wana watu wao wa kulipwa palepale mjini. Wanatupigia kwa kuwa hatuna upande. Sheria ya kibali cha kuendesha boti ilipitishwa mwaka 2023, ikaanza kutumika Julai 1, 2025 kwa waliozaliwa baada ya Julai 1, 2004, na inapanuka kila mwaka hadi 2028 ifikie waliozaliwa baada ya Julai 1, 1987. Imeingizwa polepole, mtu hakuhisi amevamiwa. Sheria za namna hiyo zinatungwa na watu waliotulia.

Na wenzetu wasaidizi wa Walinzi wa Pwani, kikosi cha kujitolea kilichoanza 1939, hawaruhusiwi kabisa kushawishi wabunge kwa jina la kikosi. Wana afisa wa kila jimbo, kazi yake ni mahusiano basi. Hawajafa.

MWANA WA NANSIO

Mimi niko Ukerewe, mambo ya Minnesota nayasikia kwenu. Ila hili la nani aseme linanihusu. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na Ukara ikitokea Bugolora. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Kivuko kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa walifika 228. Hapa kisiwani hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba siku ya gulio watu wanajazana. Wachuuzi walijua, wavuvi walijua. Kujua kwetu hakukuwa na njia ya kufika Dodoma.

Kwa hiyo mimi namtaka mtu mwenye mdomo. Lakini nauliza: maneno anayapata wapi? Mtu mmoja akipewa kiti mbele ya kamati, kesho atasema ya kwake na kuyaita yetu.

MLETA MADA

Babu, shikamoo, na uniwie radhi.

Hoja ya wale wasaidizi naikataa. Wao ni sehemu ya chombo cha serikali, wamefungwa na kanuni zake. Sisi ni chama cha hiari. Sheria ya kodi inatukataza kabisa kumpigia debe mgombea, ila kuzungumzia muswada inaturuhusu, mradi isigeuke kuwa kazi yetu kubwa. Tumejifunga kamba ambayo hakuna aliyetufunga.

Na kuhusu kutulia: mwaka 2015 mtoto wa miaka 7 alikufa kwa hewa ya sumu ya injini ndani ya boti, Ziwa Minnetonka. Wazazi wake, na msiba wao, ndio waliohangaika mpaka sheria ikapita. Inaitwa Sheria ya Sophia, inafanya kazi tangu 2018, na Minnesota ikawa jimbo la kwanza kulazimisha kitambua-hewa hiyo kwenye boti zenye vyumba. Hewa ile tunaifundisha darasani. Sitaki tena mzazi aliyefiwa ndiye atangulie kwenye kile kiti.

Ila swali la ndugu yangu wa Nansio limenishika, na la kuaminiwa Babu umenibana kweli. Basi nabadilisha pendekezo. Afisa asiseme lolote wanachama hawajalipigia kura. Akisema, aseme tulichokiona kwenye ukaguzi na takwimu zilizotangazwa, akomee hapo. Asisimame na mwanasiasa kwenye picha. Na kwa kuanzia tumpe jambo moja tu: umri wa jaketi utoke miaka 10 uwe 13, kama ulivyo wa serikali kuu. Nitalileta kwenye mkutano ujao. Babu, utanipinga?

BABU WA GATINI

Marahaba. Ukija na sheria za vibali au za pombe kwenye boti nitakupinga mpaka mwisho, hayo yana siasa ndani. Umri wa jaketi ukija peke yake, kwenye karatasi moja, nitanyoosha mkono. Ila mwenye kwenda mbele ya kamati lazima awe amekaa kwenye meza ya ukaguzi kiangazi kizima. Liandike hilo.